Somo la Kumi na Moja: Upumbavu na Hekima katika Kisa cha Nabali na Abigaili (1 Samweli 25)

Najua swali lako la kwanza: Biblia imeingiaje katika mwongozo wa fasihi? Kweli, Biblia si kitabu teule, na hutaulizwa juu ya Nabali katika karatasi ya 102/3. Hata hivyo nimeona nikuwekee somo hili kwa sababu mbili. Ya kwanza, waandishi wetu huchota sana katika Maandiko. Mwandishi akimpa tajiri mchoyo karamu ya kifalme usiku wa kuamkia maangamizi yake, msomaji anayekijua kisa hiki hupata maana mara mbili. Ya pili ndiyo iliyonisukuma hasa. Katika kusahihisha mitihani, sentensi ninayoikuta tena na tena kwenye majibu ya sifa za wahusika ni hii: "Ni mjinga." Mfano hakuna, maelezo hakuna, na aghalabu mhusika mwenyewe hana ujinga wowote. Ana kitu kibaya zaidi. Alama hupotea hapo, kwa neno moja.

MJINGA NA MPUMBAVU

Mjinga ni asiyejua. Akifundishwa, ujinga humtoka. Ndiyo maana wahenga wakasema kuuliza si ujinga. Mpumbavu amefundishwa, ameonywa, pengine amebembelezwa, naye amekataa. Wa kwanza tunamhurumia, wa pili tunamlaumu. Kwa hivyo ukimwita "mjinga" mhusika aliyeonywa mara tatu akapuuza, umemtetea bila kukusudia.

Kitabu cha Mithali kinaizingatia tofauti hii. Katika sura ya 9 tunachorewa wanawake wawili, Hekima na Upumbavu. Wote wana nyumba, wote wanawaita wapita njia, na wanaoitwa ni wale wale: wajinga. Hebu liangalie hilo vizuri. Mjinga bado yuko barabarani na anaweza kuingia nyumba yoyote kati ya hizo mbili. Matumaini yake hayajakatika.

Litenge pia neno la tatu, mwerevu. Tapeli wa simu anayekupigia akijifanya wakala wa benki ni mwerevu sana, lakini hakuna mtahini atakayekubali uandike kwamba ana hekima. Hekima huandamana na wema. Katika Biblia huanzia kwenye kumcha Mungu, na Mithali inalitaja hilo mwanzoni kabisa (1:7) kisha inalirudia (9:10).

Sasa jambo la lugha litakalotufaa. Kiebrania kina maneno kadhaa ya kumtaja mpumbavu. Mojawapo ni nabal, na linagusa zaidi tabia ya mtu kuliko wepesi au uzito wa akili yake. Ndilo linalotumika katika Zaburi ya 14 kwa yule anayejiambia moyoni kwamba Mungu hayupo. Mtu huyo huenda ni hodari wa hesabu na biashara. Upumbavu wake ni kuishi kana kwamba hakuna atakayemwuliza chochote. Liweke neno hilo akilini, kwa sababu ndilo jina la mhusika wetu.

MUHTASARI WA KISA

Nabii Samweli amekufa na kuzikwa Rama. Daudi, aliyekwisha kupakwa mafuta lakini bado hajatawazwa, anaishi nyikani akimkimbia Mfalme Sauli. Ana wafuasi mia sita hivi wanaohitaji kula. Katika milima ya Yuda kuna mtu wa Maoni mwenye mali huko Karmeli (si ule mlima wa nabii Eliya, usichanganye). Ana kondoo 3,000 na mbuzi 1,000. Ni Nabali, wa ukoo wa Kalebu. Mkewe ni Abigaili, mwanamke mwenye akili na mzuri wa sura.

Wakati wa kukata kondoo manyoya unafika. Kwa wafugaji wale, huo ulikuwa msimu wa sherehe na ukarimu, kama mavuno kwetu. Daudi anawatuma vijana kumi na salamu za amani. Wanaeleza kwamba wachungaji wa Nabali walipokuwa pamoja nao hawakudhurika wala kupoteza kitu, kisha wanaomba chochote atakachojaliwa kutoa. Nabali anawatukana. Anauliza Daudi ni nani, anadokeza kwamba siku hizi watumwa wengi wanawatoroka mabwana zao, na kukataa kutoa mkate wake, maji yake na nyama yake kwa watu asiowajua watokako.

Daudi anaamuru kila mtu ajifunge upanga. Mia nne wanaondoka naye, mia mbili wanabaki na vyombo. Ameapa kwamba kutakapopambazuka hatabakia mwanamume hata mmoja katika nyumba ile.

Kijana mmoja wa Nabali anamkimbilia Abigaili na kumweleza yote. Abigaili anafanya haraka: mikate mia mbili, viriba viwili vya divai, kondoo watano waliokwisha kutayarishwa, bisi, vishada mia vya zabibu kavu na mikate mia mbili ya tini. Anavipakia juu ya punda. Hamwambii mumewe. Anakutana na Daudi mlimani, anaanguka miguuni pake, anasema naye, na Daudi anarudisha upanga. Abigaili anarudi nyumbani na kumkuta Nabali amelewa chakari katika karamu kama ya mfalme. Ananyamaza mpaka asubuhi. Divai ilipomtoka, anamweleza. Moyo wa Nabali unakufa ndani yake, anakuwa kama jiwe, na baada ya siku kumi hivi anakufa. Baadaye Daudi anamposa Abigaili.

NABALI

Msimulizi anatuambia mapema kwamba ni mtu mgumu na mwovu wa matendo, lakini wewe usitosheke na kauli ya msimulizi. Tafuta ushahidi katika maneno na matendo ya mhusika mwenyewe. Hesabu jinsi anavyosema "wangu, yangu, yangu" ndani ya sentensi moja. Kilichomlindia mali ni ukuta wa watu wa Daudi, lakini kinywani mwake kila kitu ni chake peke yake. Yule tajiri wa mfano wa Yesu katika Luka 12, aliyepanga kubomoa ghala zake ajenge kubwa zaidi, anaongea kwa mtindo huo huo, naye pia anaitwa mpumbavu na kufa usiku uo huo. Ukipata nafasi, visome visa hivi viwili kwa pamoja. Ni usambamba mzuri sana.

Je, Nabali hajui Daudi ni nani? Watahiniwa wengi hujibu kwamba hajui. Soma tena. Anamtaja kuwa mwana wa Yese, ilhali katika sura ya 25 salamu za vijana hazikumtaja baba yake. Anajua. Analifahamu pia jambo la kumkimbia Sauli, kwa sababu analigeuza kuwa tusi juu ya watumwa watoro. Swali lake basi ni la balagha, na lengo lake ni kudhalilisha. Hoja hii moja inatosha kuthibitisha kwamba Nabali ni mpumbavu na si mjinga.

Jambo jingine ni kutoambilika. Kijana anamlalamikia Abigaili kwamba bwana wao hasemezeki. Naona hapa ndipo mwandishi anapoupasua upumbavu tuuone ndani. Mtu mwenye kondoo elfu tatu, askari mia nne wakiwa njiani kuja kumwua, na nyumba nzima inajua isipokuwa yeye! Hakuna anayethubutu kumwambia. Ameizoeza nyumba yake kumficha ukweli, naye anakunywa.

ABIGAILI

Hapa tukae kidogo, maana majibu mengi humpunja. Huandikwa "mnyenyekevu, mkarimu, mrembo" halafu basi. Urembo ni wasifu wa nje, na haukuzima upanga hata mmoja. Tazama alichofanya na mfuatano wake.

Alisikiliza. Aliyemletea habari ni mtumishi, na hakumwuliza ametumwa na nani. Alitenda upesi, kwa sababu hekima inayofika kesho wakati watu wanauawa leo haina faida. Alitanguliza chakula njiani, yeye mwenyewe akafuata nyuma, ili wenye njaa wakutane kwanza na mikate. Alishuka juu ya punda. Alijitwika lawama isiyokuwa yake, na hasira ikakosa pa kushika.

Kisha hotuba yake. Ni ndefu, na kila sehemu ina kazi. Anakiri wazi kwamba mumewe ni kama jina lake. Anasema kwamba Mungu amemzuia Daudi asimwage damu, wakati ambapo Daudi bado hajakubali kuzuiwa. Anazungumza kana kwamba jambo limekwisha, na hivyo kumwachia Daudi mlango wa kutokea bila aibu. Anamtakia uhai uliofungwa salama kwa Mungu, na adui zake watupwe mbali kama jiwe la teo. Teo! Daudi alimwangusha Goliathi kwa nini? Hakumtaja Goliathi, na hakuhitaji. Mwisho anamwonyesha siku ya mbele: utakapokuwa mtawala, utataka ukumbuke kwamba uliwahi kuua watu wasio na hatia kwa sababu ya mlo?

Darasa langu la kidato cha tatu liliwahi kuninyang'anya somo hili. Mvulana mmoja alisema Abigaili si mwenye hekima bali mkaidi: alimficha mumewe, akatoa mali bila ruhusa, akamsema vibaya kwa mwanamume mgeni. Ni hoja, tena ina ushahidi, na kwenye mtihani ningeipa alama iwapo ingeelezwa vyema. Tulibishana hadi kengele ikalia. Msimamo wangu ulikuwa, na bado ni huu: Abigaili hakuficha, alichagua saa. Mlevi haelezwi kitu akaelewa. Asubuhi alimwambia yote, bila kupunguza, akijua mume wake ni mtu wa namna gani. Kuna mahali katika Mithali (26:4-5) penye maagizo mawili yanayofuatana na yanayoonekana kupingana: moja linakataza kumjibu mpumbavu kwa kadiri ya upumbavu wake, na la pili linaagiza ajibiwe. Wanafunzi huniambia ni kosa la mwandishi. Mimi huwatuma kwa Abigaili. Usiku alifuata agizo la kwanza, asubuhi akafuata la pili.

Baada ya kipindi hicho msichana mmoja alibaki nyuma akikusanya vitabu polepole. Aliniambia, "Mwalimu, kwetu kuna Nabali. Mama hunyamaza hadi asubuhi, lakini asubuhi pia hunyamaza." Nilikuwa nimeandika ubaoni "Abigaili ni mvumilivu" kama sifa ya kwanza, na sikuweza tena kuitazama. Nilimpeleka kwa mwalimu wa ushauri nasaha siku iyo hiyo. Jioni nilirudi kwenye kisa nikakisoma upya, na ndipo nilipoona kwamba neno uvumilivu halimo. Abigaili halisifiwi kwa kustahimili. Anasifiwa na Daudi kwa busara yake, na busara hiyo ilikuwa kutenda, kutoka nje ya nyumba, kutafuta msaada na kusema ukweli. Tangu wakati huo nimeifuta sifa hiyo kwenye maandalio yangu. Nawe ukiiandika, nitakuuliza umeitoa wapi. Na kama una Nabali kwenu, mtafute mtu mzima unayemwamini umwambie. Si jambo la kungoja mpaka umalize mtihani.

DAUDI

Mwanafunzi mwingine, wa mjini huyu, aliniuliza kama Daudi hana tofauti na vijana wanaodai pesa za "ulinzi" kwa wenye vibanda na matatu. Swali zuri. Nabali hakuwaajiri. Hawakuandikiana. Ukitaka kumtetea Daudi, usitegemee maneno ya Daudi mwenyewe. Mtegemee yule kijana, mtumishi wa Nabali, asiye na sababu ya kuwapendelea wageni. Yeye ndiye anayeshuhudia kwamba watu wale walikuwa ukuta kwao usiku na mchana. Basi deni la shukrani lilikuwepo. Lakini hata ukikubali hivyo, adhabu aliyoapa Daudi haina kipimo: kuua kila mwanamume, wakiwemo wachungaji wale wale aliowalinda, kwa kosa la mtu mmoja. Hapa Daudi mwenyewe yu mlangoni pa nyumba ya Upumbavu, mguu mmoja ndani.

Mpangilio wa kitabu unaongeza uzito. Katika sura ya 24 Daudi anamwacha hai Sauli pangoni. Katika sura ya 26 anamwacha hai tena, kambini. Katikati ya ustahimilivu huo mara mbili ndipo ilipo sura ya 25, ambapo karibu aue kijiji kwa sababu ya tusi. Mtu anaweza kumsamehe mfalme anayewinda roho yake na kushindwa kumsamehe mfugaji aliyemnyima mkate. Hilo ndilo linalomfanya Daudi kuwa mhusika duara. Nabali ni bapa. Tangu aingie mpaka afe habadiliki.

Kilichomwokoa Daudi ni kwamba aliambilika. Alisikiliza, akabariki aliyemkosoa, akavunja kiapo chake. Miaka mingi baadaye, akiwa mfalme Yerusalemu, atamchukua Bathsheba na kumtuma Uria akafie vitani (2 Samweli 11), na katika sura nzima hutapata mtu wa kusimama njiani na punda wake. Nabii Nathani anafika baada ya kaburi.

KIJANA ASIYE NA JINA

Usimsahau. Ana hotuba moja tu, lakini bila yeye hakuna Abigaili mlimani. Anaujua ukweli, na anajua wa kumwambia. Swali la "umuhimu wa mhusika" likija, wahusika wadogo wa namna hii ndio huwatenganisha watahiniwa wa alama 14 na wale wa 18.

MTINDO

Majazi: jina Nabali, kama tulivyoona. Kuna na mchezo wa sauti usioonekana katika tafsiri: viriba vya divai alivyobeba Abigaili, kwa Kiebrania, vina konsonanti zile zile za jina la mumewe, n, b, l. Kwa hiyo divai inapomtoka Nabali asubuhi, masikio ya Mwebrania yanasikia kiriba kikimwagika. Tashbihi: karamu kama ya mfalme, Nabali kuwa kama jiwe. Istiari: ukuta. Kinaya cha hali: anayemnyima mfalme mtarajiwa chakula anajifanyia karamu ya kifalme, anayekataa kutoa kondoo wachache ananusurika kwa kondoo wake watano bila kujua. Kisengere mbele kimo katika hotuba ya Abigaili juu ya utawala wa Daudi. Taharuki inajengwa Daudi anapoteremka huku na Abigaili anateremka kule, nasi hatujui nani atatangulia kunena.

SWALI NA JIBU LA MFANO

"Upumbavu wa Nabali unatokana na kiburi wala si kutojua." Thibitisha. (alama 4)

Jibu dhaifu: Nabali ni mjinga kwa sababu alikataa kumpa Daudi chakula na mwishowe akafa.

Jibu hili ni muhtasari wa kisa. Limemwita mjinga, yaani limekana swali lenyewe, na kifo ni matokeo, si ushahidi. Ningelipa alama moja kwa huruma.

Jibu bora: Nabali anamtambua Daudi, kwani anamtaja kuwa mwana wa Yese ingawa katika sura hii wajumbe hawakutaja jina hilo. Swali lake juu ya Daudi ni la kudharau. Anamlinganisha na watumwa watoro, ishara kwamba anazifahamu habari za Daudi na Sauli. Watumishi wake wanajua wema waliotendewa na watu wa Daudi, lakini hakuna anayeweza kumweleza kwa sababu haambiliki. Anavitaja vyakula kuwa vyake pekee, akiwapuuza waliomlindia mifugo.

Kila sentensi imebeba tukio na maana yake. Hiyo ndiyo kazi yote.

ZOEZI

1. Eleza jinsi Abigaili anavyotumia lugha kuzima hasira ya Daudi. (alama 6)

2. "Daudi hana tofauti na Nabali mpaka anapokutana na Abigaili." Jadili. (alama 8)

3. Linganisha upumbavu wa Nabali na ule wa Rehoboamu katika 1 Wafalme 12, ukizingatia namna kila mmoja anavyopokea ushauri. (alama 6)

4. Chagua mhusika mmoja katika mojawapo ya vitabu teule unavyosoma mwaka huu aliyeonywa akakataa kusikia. Taja aliyemwonya, maneno ya onyo kwa ufupi, na kilichomzuia kusikia. (alama 10)

5. Katika 2 Samweli 3, Daudi anapomlilia Abneri, anauliza kama Abneri alistahili kufa kama anavyokufa mpumbavu, na neno la Kiebrania hapo ni lile lile, nabal. Soma sura hiyo, kisha eleza ni kwa nini swali hilo lina uzito zaidi kwa msomaji aliyekwisha kusoma 1 Samweli 25. (alama 6)